Maradhi ya Kupanda na Kushuka: Jee, Mwenye Nayo Ataulizwa?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Katika darsa yetu hapa Ishiara limeletwa suala ambalo halikumalizika usiku ule, na kwa sababu hiyo tumeona vema kuliandika, ili asiyehudhuria naye apate kulipima. Suala lenyewe ni hili: mtu ambaye akili yake huondoka kisha hurudi, jee, ataulizwa kwa aliyoyatenda? Na akiulizwa, ni kwa yapi? Na sisi jamaa zake na majirani zake tutaulizwa nini juu yake?

Tuchukue mfano, wala hatumkusudii mtu maalumu, maana watu wa namna hii wamo katika kila taifa na kila mji. Mtu huyu ni mkulima wa ndengu na mfugaji wa mbuzi, mpole, msikiti anaujua. Ghafula mwezi mmoja akawa halali ila saa mbili tu, naye huamka hana uchovu. Humtangulia mwadhini msikitini. Hunena mfululizo hata imamu hapati nafasi ya neno. Anaahidi kujenga madrasa ya vyumba vitatu kwa mali asiyokuwa nayo, anagawa mbuzi, anauza shamba kwa bei ya kutupa, na amkatazaye humwita adui wa dini. Usiku mmoja anamtamkia mkewe talaka tatu kwa sababu amemwambia apumzike. Watu wakasema: huyu amefunguliwa, huyu ni walii. Miezi miwili haikupita, mtu yule yule amelala ndani na uso ameuelekeza ukutani. Haogi, hali, Ijumaa haji, na akisema neno ni kwamba Mungu amekwisha mtupa. Watu wale wale wakasema: kumbe alikuwa mnafiki; na wengine wakasema ana jini. Kisha siku moja akaamka mzima, akatoka nje, akauliza shamba liko wapi, na mke yuko wapi.

Ndugu msomaji, tazama jambo hili kwa makini. Katika mwaka mmoja watu wamempa mtu mmoja daraja ya mawalii, kisha wakamtia katika kundi la wanafiki, na hukumu zote mbili hazikuwa na elimu. Bidii yake ya mwezi ule haikuwa ucha Mungu, na kulala kwake hakukuwa upungufu wa imani. Yalikuwa ni maradhi.

Maradhi hayo matabibu wa leo huyaita baipola, maana yake yenye ncha mbili. Jina hilo la ncha mbili lililetwa mwaka 1957 na tabibu wa Kijerumani Karl Leonhard, na kabla yake Emil Kraepelin, Mjerumani mwenzake, alikuwa ameyaeleza mwaka 1899 kwa jina jingine. Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 ulimwenguni walikuwa nayo. Aghalabu huanza katika ujana, tangu miaka ya mwisho ya shule hata kufikia thelathini. Hufuata ukoo, ijapokuwa si kila mtoto wa mwenye nayo huyapata. Kupanda kwake hudumu juma moja au zaidi, na alama yake iliyo wazi ni mtu kukosa usingizi bila ya kuuhitaji. Kushuka kwake hudumu majuma mawili, au miezi. Na katikati ya hayo mtu huwa timamu kama wewe na mimi, tena pengine kwa miaka. Hilo la kuwa timamu katikati ndilo lililoifanya kazi ya kumhukumu kuwa ngumu, maana mwendawazimu wa daima kila mtu humsamehe, bali huyu tumemwona jana akipima ndengu sokoni wala hakukosea hesabu.

Wako wasemao kuwa mambo haya ni ya Wazungu, na kwamba mababu zetu hawakuwa nayo. Msemo huu una asili yake, wala si kwa mababu. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hata 1950, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na ndani yake alidai kwamba maradhi ya huzuni kubwa ni nadra kwa Waafrika. Lakini jee, daktari wa serikali ya kikoloni aliwaona wagonjwa gani? Aliletewa waliopiga kelele njiani na kukamatwa. Aliyelala kimya ndani ya nyumba yake huku Mbeere, nani angempeleka Mathari, na kwa sababu gani? Ajabu ni kwamba twamlaumu Carothers na sisi bado twafanya vivyo hivyo: apigaye kelele tunamkimbiza hospitali, na aliyenyamaza tunamwacha, ilhali huyu wa pili ndiye aliye karibu zaidi na kujiua.

Na wako wengine, ndugu zetu wapenzi wa dini, wasemao kuwa maradhi ya nafsi ni ya kutibiwa kwa mawaidha peke yake. Hao nao tutawaambia wawarejee wanazuoni wao wenyewe. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo. Akazitenga huzuni mbili: ile yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile isiyokuwa na sababu ijulikanayo, ambayo aliinasibisha na hali ya mwili, na kila moja akaipa dawa yake. Hayo yalisemwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kuzaliwa jina baipola. Na katika miji ya Kiislamu, Damascus tangu mwaka 1154 na Cairo tangu 1284, zilijengwa hospitali za wakfu zilizowapokea wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wa mwili. Basi imekuwaje leo Mwislamu aone haya kumpeleka nduguye hospitali, wala asione haya kumpeleka kwa mpiga ramli?

Hatukatai kusomewa Kurani. Kurani ni shifaa, na amsomeaye mgonjwa kwa upole amefanya wema. Tunalolikataa ni biashara ya hirizi na kombe la kuuzwa, na kumfunga mtu kamba, na kumchapa eti anapigwa jini. Fimbo haimpati jini. Humpata mwana wa mtu, naye akipona hukumbuka ni nani aliyeishika. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, akatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na ponyo. Katika mwaka 1949 tabibu wa Australia, John Cade, aligundua kuwa chumvi iitwayo lithiamu hutuliza kupanda huku, nayo hata leo ni miongoni mwa dawa bora zake. Pia hutumika dawa kadhaa za kifafa, na hapo wengi huziacha wakisema, mimi sina kifafa. Basi ajue mgonjwa kuwa dawa moja yaweza kutibu maradhi mawili. Ila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa na aulize hasa, kwa kuwa mojawapo ya dawa hizo, valproate, humdhuru mtoto tumboni. Na yeyote aendaye kutibiwa huzuni amweleze tabibu habari za kupanda kwake pia, kwani dawa ya huzuni peke yake huweza kumrusha juu.

Turudi kwenye suala letu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mwendawazimu mpaka apate akili. Wanafunzi wengi huishika sehemu ya kwanza ya mafundisho haya na kuiacha ya pili. Maana neno "mpaka" lina kazi yake: kalamu imeinuliwa, haikuvunjwa. Mafakihi wetu waliliona hilo zamani, wakaugawa wazimu mafungu mawili: ule wa moja kwa moja, na ule ukatikao, ambao huja na kuondoka. Mwenye huo wa pili, wakasema, katika saa za wazimu hukumu zake ni za mwendawazimu, na katika saa za kuzindukana hukumu zake ni za mwenye akili. Hawakumtia katika fungu moja maisha yake yote. Twaona kuwa huu ni uadilifu mkubwa, tena umewapita wengi wa leo ambao, mtu akishapelekwa hospitali mara moja, hawamwozi, hawamwajiri, wala ushahidi wake hawaupokei, hata akiwa mzima miaka kumi.

Basi tumhukumu mtu wetu wa mfano. Ikiwa kupanda kwake kulifika mahali pa kuondoka akili, talaka aliyoitamka haikupita, na shamba aliloliuza halikuuzika, na sala zilizompita katika hali ile hazilipi, kwa madhehebu yetu ya Shafii. Lakini mbuzi wa jirani ikiwa aliwaua, au mlango wa duka aliuvunja, hulipwa kutoka katika mali yake, maana aliyeharibiwa haki yake haikuondoka kwa sababu mharibifu alikuwa mgonjwa. Hapa ndipo darsa ilipogawanyika. Wako waliouliza: vipi mtu hana dhambi, naye analipa? Jawabu ni kwamba dhambi ni baina yake na Mola wake, na fidia ni baina yake na jirani. Kumlipisha si kumtukana. Kwa hakika sisi twaona kuwa ni kumheshimu, kwa maana akishalipa hana deni wala hana aibu, na jirani hana sababu ya kumsema.

Ugumu mwingine ni kuwa kupanda si kwa daraja moja. Iko hali ambayo mtu amechangamka kupita kawaida, analala kidogo, anasema sana, anatumia pesa ovyo, na akili bado iko. Huyu kalamu iko juu yake. Mpaka baina ya hali hii na ile ya kuondoka akili haujulikani na mpita njia, wala na mwenyewe baada ya kupona, maana huenda akajidhulumu kwa majuto au akajitetea kwa hila. Watakaoulizwa ni watu wa nyumbani waliomwona alipokuwa katika hali ile, na tabibu aliyemkagua. Kwa hiyo likitokea suala la talaka lisimalizwe barazani kwa fatwa za vijana. Lipelekwe kwa Kadhi, ambaye katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu wakubaliao mahakama yake, na lipelekwe pamoja na cheti cha hospitali. Ama la shamba ni la mahakama nyingine. Na mnunuzi aliyejua hali ya muuzaji akaikimbilia bei ile, huyo kalamu haikumwinukia hata chembe.

Na yule aliyeshuka je? Akili yake kwa kawaida ipo, na sala haikumwondokea. Lakini husali awezavyo, amekaa au amelala, na kumwambia "simama ungelikuwa na imani" ni ujinga. Nabii Yaakub (A.S.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ni nabii; nani basi atasema huzuni ni dalili ya ukafiri? Iwapo huzuni ya nabii, ambayo sababu yake ilijulikana, ilimfikisha pale, tusimkemee mtu ambaye huzuni yake imezuka ndani ya mwili wake bila ya sababu aijuayo.

Sasa tuseme habari ya hapa kwetu, na tunajua si wote watakaofurahi. Mbeere ni nchi ya muguka. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata; viongozi wa Embu wakapinga, Rais akasema amri zile hazina nguvu, na mahakama ikazisimamisha. Ada za shule za watoto wengi wa huku hutoka katika majani hayo, wala si haki kumfanyia kejeli mkulima ambaye mvua haimpi mahindi. Hukumu ya muguka kwa watu wote tunawaachia wanazuoni, nao wamehitilafiana. Lakini kwa mwenye maradhi haya hatuoni nafasi ya khitilafu. Ndani ya jani lile mna kitu kiitwacho kathinoni, ambacho kazi yake mwilini yafanana na ya dawa kali za kuamsha. Humwondolea mtu usingizi, na usingizi ndio boma lake. Atafunaye muguka na bigijii mpaka alfajiri, naye ana maradhi haya, amejifungulia mwenyewe. Na akifanya hivyo hali yu timamu na anajua, basi hapo ataulizwa, maana kalamu ilikuwa juu yake wakati alipoupeleka mkono mdomoni. Amuuziaye naye akijua, asiseme mimi ni mchuuzi tu.

Kadhalika dawa. Maradhi haya yana hila moja kubwa: mtu akipona hudhani hakuwa mgonjwa, na wengine huitamani ile furaha ya kupanda, huacha dawa ili irudi. Tunawaonea huruma, lakini kuila dawa ni katika kazi za saa za uzima, na kazi za saa za uzima zinaandikwa. Bi Sitawa Wafula, Mkenya mwenzetu, amesema waziwazi mbele ya watu kuwa anaishi na kifafa na baipola, na akaifanya kazi ya kuwasaidia wenziwe. Ukimya wetu Waislamu katika jambo hili si staha.

Yako mambo ya Ramadhani ambayo tumeona hayasemwi mimbarini. Mwezi huu sisi huupunguza usingizi: tarawehe, kisimamo cha usiku, daku, kisha kazi. Kwa aliye mzima ni kheri. Kwa mwenye maradhi haya ni mlango wa kupandia. Pili, mwenye kunywa lithiamu akikosa maji mchana kutwa katika jua la Ishiara, dawa huzidi katika damu yake mpaka ikageuka sumu: mikono hutetemeka, hutapika, huyumba kama mlevi. Basi amwendee tabibu kabla ya mwezi kuandama, apimwe damu, na aambiwe kama ataweza kufunga. Akikatazwa, mgonjwa ana ruhusa yake iliyo wazi katika dini, na asichukue ruhusa hiyo kama mwizi. Asimame imamu awaambie watu kuwa ndugu aliyesali Isha akaenda kulala, huenda kulala kwake ndiyo ibada yake.

Tumalizie lililo zito. Maradhi haya huwaua watu wengi kwa mikono yao wenyewe. Asemaye kuwa amechoka kuishi asidhihakiwe, wala asiachwe peke yake. Viondolewe vitu vya kujidhuru, akae na mtu, na apelekwe hospitali ya Ishiara usiku huo huo, na kutoka hapo Embu ikilazimu. Zamani wengi waliogopa, kwa kuwa aliyejaribu kujiua alishitakiwa kwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinapingana na katiba. Na ikiwa kadari imekwisha pita, wako wanaokataa kumsalia maiti huyo, wakashika kuwa Mtume (S.A.W.) hakumsalia mtu mmoja aliyejiua. Wanazuoni wengi, na wa Shafii ni miongoni mwao, wamesema kuwa ile ilikuwa ni kuwaonya watu, na kwamba maiti huyo huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu. Hiyo ni kwa aliyejiua na akili yake timamu, seuze huyu. Mama wa marehemu asifanyiwe msiba juu ya msiba.

Baadhi ya wanadarsa waliuliza la kufanya. Tumekubaliana hivi: mwenye maradhi haya, akiwa timamu, aandike karatasi mbele ya mashahidi wawili, aseme alama zake za kupanda ni zipi, nani ashike pesa na hati za shamba pindi zionekanapo, nani ampeleke kwa tabibu, na dawa gani anazitumia. Mwanafunzi wa fiqhi atasema kuwa uwakala huvunjika mwenye kuwakilisha apatwapo na wazimu. Ni kweli, na ndiyo sababu karatasi hii hatuiiti uwakala. Ni ushahidi wake mwenyewe, kwa ulimi wa saa ya uzima, utakaomsaidia walii wake na Kadhi na tabibu kujua alitaka nini. Nakala moja ikae na mke au mzazi, moja kwa imamu, moja ndani ya kitabu chake cha kliniki, na isomwe tena kila mwaka katika Shaabani, kwa kuwa dawa hubadilika na mashahidi hufa.